Wageni wa Mvua: Wanyama na Ndege wa Kuangalia Malishoni Kuanzia Januari hadi Mei



Mvua ikishalowesha ardhi ya Simanjiro, Monduli na Longido, mbuga hubadilika sura kwa siku chache. Nyumbu na pundamilia waliokuwa wamebanana kando ya Mto Tarangire wakati wa kiangazi hutoka hifadhini na kupanda hadi nyanda za Emboreet, Terrat na Sukuro. Wengine huelekea kaskazini, Gelai na Ziwa Natron. Korongo waliotoka Ulaya hutua malishoni kwa mamia. Tai huzunguka angani juu ya mizoga. Mtalii huja kuwapiga picha. Wewe unawaona kila siku bila kulipa kiingilio, na kila mmoja wao anakuletea habari inayohusu mifugo yako. Kipeperushi hiki kinaeleza habari hizo, tukianza na ile inayoua ng'ombe wengi zaidi.

NYUMBU NA NDAMA WAKE

Nyumbu hawaji Simanjiro kwa bahati tu. Nyasi za nyanda zile zina madini ya fosforasi kwa wingi kuliko nyasi za ndani ya hifadhi, na nyumbu mwenye mimba au anayenyonyesha anayahitaji madini hayo sana. Ng'ombe wako wa maziwa naye anayahitaji. Kwa hiyo ugomvi wenu ni wa malisho bora kabisa, katika miezi ambayo ng'ombe aliyekonda kwa kiangazi anatakiwa kujaza mwili na kutoa maziwa ya watoto.

Nyumbu huzaa karibu wote kwa wakati mmoja, kati ya Januari na Machi. Kule Serengeti ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki 3 hivi. Ndama hao ndio wanaobeba hatari. Karibu nyumbu wote huambukizwa wakiwa wadogo kirusi ambacho wao hakiwadhuru, na katika miezi 3 hadi 4 ya kwanza ya maisha yao hukitoa kwa wingi kupitia makamasi na machozi. Ng'ombe anayekula nyasi zilizoloweshwa na makamasi hayo, au anayekunywa bwawa moja na ndama hao, anaweza kupata ugonjwa wa nyumbu. Si lazima wagusane.

Utajuaje kuwa ndama bado ni hatari? Tazama rangi. Ndama wa nyumbu huzaliwa akiwa kahawia hafifu, karibu na rangi ya mchanga. Kuanzia umri wa miezi 2 hivi huanza kuwa mweusi, na akifika miezi 4 amefanana na wakubwa. Ukiona kundi lenye ndama wa kahawia, usipeleke ng'ombe hapo. Hata wanapoanza kubadilika rangi, subiri mpaka wote wamekwisha kuwa weusi.

Wazee wengi husema hatari iko kwenye kondo la nyuma linaloachwa malishoni, na wengine husema iko kwenye manyoya ya ndama yanayopukutika. Wataalamu wamelipima kondo la nyumbu na hawakukuta kirusi humo. Lakini wazee walikuwa sahihi katika jambo kubwa, yaani kuondoa ng'ombe mahali nyumbu wanapozalia. Na wale wanaosema manyoya hawako mbali na ukweli, kwa sababu manyoya ya kahawia hupukutika katika kipindi kilekile ambacho ndama anamalizia kutoa kirusi. Shida ya maelezo ya kondo ni moja tu: fisi na bweha hulimaliza kondo kwa siku chache, na mfugaji akadhani malisho yamekuwa salama. Hayajawa salama. Miezi inayofuata ndiyo yenye hatari zaidi.

Pundamilia hawana kirusi hiki, wala swala hawahusiki na ugonjwa huu. Ukiona pundamilia peke yao, huna sababu ya kukimbia malisho. Ila pundamilia hupenda kutembea na nyumbu, kwa hiyo mtume kijana akaangalie vizuri, asitazame mistari tu akarudi.

Kirusi chenyewe ni dhaifu kikiwa nje ya mwili. Jua kali na ukavu hukiua ndani ya muda mfupi. Umande, mawingu na baridi ya asubuhi hukipa maisha. Kama huna njia nyingine ila kupita mahali nyumbu walipolala, usipite alfajiri. Ngoja jua liwe juu na nyasi zikauke kabisa. Njia hii hupunguza hatari lakini haiiondoi, na siku ya manyunyu haisaidii kitu.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Ng'ombe aliyeambukizwa haugui kesho yake. Hukaa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi 2 au zaidi, ndipo dalili zinaanza. Ndiyo maana ng'ombe hufa Aprili, Mei na hata Juni, nyumbu wakiwa wamekwisha kuhama, na mwenye ng'ombe anatafuta mchawi au analaumu dawa ya josho. Hesabu nyuma: ng'ombe huyu alikuwa malisho gani mwezi wa pili na wa tatu?

Dalili zake ni hizi. Homa kali inayoanza ghafla. Ng'ombe huacha kula na maziwa hukatika. Macho hutoa machozi, huogopa mwanga, kisha mboni hufunikwa na ukungu wa bluu-nyeupe unaoanzia pembeni ya jicho na kuelekea katikati. Pua hutoa makamasi mazito yanayokauka na kuganda, na ngozi ya pua hubabuka. Mdomoni hutoka mate mengi kwa sababu ya vidonda. Tezi za mwili huvimba, wengine huharisha, wengine hutetemeka au kuyumba. Wengi hufa ndani ya wiki 1 au 2. Kati ya ng'ombe 100 wanaoonyesha dalili hizi, zaidi ya 95 hufa.

Ugonjwa huu hauna tiba. Tunasema wazi kwa sababu tunaona fedha zinavyopotea. Mfugaji huuza mbuzi 2 ili anunue sindano za antibayotiki, anamchoma ng'ombe siku 5, na ng'ombe anakufa palepale. Kwa upande mwingine, ndigana kali nayo huvimbisha tezi na kuleta homa, na ndigana kali ina dawa ikiwahiwa. Kwa hiyo mwite afisa mifugo siku ya kwanza au ya pili ili atofautishe. Ukungu wa macho unaoanzia pembeni, pamoja na kubabuka kwa pua, ndio unaoelekeza zaidi kwenye ugonjwa wa nyumbu. Ng'ombe wa ndigana hushindwa kupumua na hukohoa, mapafu yakijaa maji.

Kuna nafuu moja. Ng'ombe mgonjwa hamwambukizi ng'ombe mwenzake, wala mtu. Usiuze kundi zima kwa hofu. Mbuzi na kondoo kwa kawaida hawaugui kwa kirusi hiki cha nyumbu, na familia nyingi hutumia nafasi hiyo: kondoo wanabaki kwenye nyanda, ng'ombe wanapandishwa vilimani.

Kuhusu chanjo, jaribio lililofanywa Simanjiro lilionyesha kuwa inawezekana kupunguza maambukizi kwa kadiri ya nusu. Hiyo ni hatua njema, lakini si kinga ya kumfanya mtu achanganye ng'ombe na nyumbu. Akitokea mtu mnadani anakuuzia chupa na kusema ni chanjo ya nyumbu, zungumza na afisa mifugo kabla ya kutoa hata shilingi.

Kinga iliyobaki ni ileile ya wazee: kuhama. Na kuhama kuna gharama. Ng'ombe wanaondoka kwenye nyasi nzuri na kwenda ronjo vilimani au vichakani, ambako malisho ni haba na kupe ni wengi. Ogesha kabla ya kwenda, na panga namna ya kuogesha mkiwa huko, hata kwa bomba la mgongoni. Ng'ombe wachache wa maziwa wabakizwe karibu na boma kwenye alalili, na alalili yenyewe ilindwe kuanzia vuli ili isiwe imekwisha ifikapo Februari. Kamati ya malisho ikubaliane mapema ni bwawa lipi litaachiwa nyumbu na lipi litakuwa la ng'ombe. Mahali ambapo kila boma liliamua lenyewe, mara nyingi boma la mwisho kuhama ndilo lililozika ng'ombe.

Wapo wanaouliza kwa nini baba zao hawakuwa na taabu kubwa hivi. Sehemu ya jibu ni sotoka. Ugonjwa ule uliua ng'ombe na nyumbu pia. Ng'ombe walipochanjwa kwa wingi, sotoka ikaondoka hata kwa wanyamapori, na nyumbu wa Serengeti wakaongezeka kutoka robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Chanjo ya ng'ombe wako ndiyo iliyowajaza nyumbu mbugani, na wao hawajasema asante.

KORONGO WEUPE NA VIWAVIJESHI

Korongo mweupe ni ndege mrefu, mwili mweupe, ncha za mabawa nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Huzaliana Ulaya, kisha hukimbia baridi ya huko. Hupita Uturuki, Israeli na bonde la Mto Nile hadi kutufikia, na kwenye Februari, Machi hadi Aprili huanza kurudi. Pamoja naye utaona korongo mwingine, mdogo, mweusi mwenye tumbo jeupe, ambaye huzaliana katika nchi za kusini mwa Sahara na huja huku na mvua.

Korongo hawa hula panzi, nzige na viwavi. Wakitua 5 au 10 si habari. Wakitua 200 mahali pamoja na kutembea polepole huku wakidonoa chini, nenda ukaangalie wanachokula. Mara nyingi utakuta viwavijeshi. Hawa ni watoto wa nondo wanaosafiri na upepo wa mvua. Wakiwa wengi huwa weusi wenye mistari, na humaliza nyasi mpaka ardhi ikabaki kipara. Hula kwa wiki 2 hadi 3, kisha huingia ardhini kugeuka nondo. Ukiwaona wangali wadogo na rangi ya kijani, afisa kilimo bado ana nafasi ya kufanya kitu. Ukiwaona wakubwa na weusi, nyasi zimekwisha kuliwa na dawa haina faida tena. Korongo huwaona kabla yetu, kwa hiyo watumie kama wapelelezi.

Kwa mfugaji kuna hatari ya pili isiyosemwa sana. Ng'ombe wamekufa ghafla baada ya kuingizwa kwenye malisho yaliyotoka kushambuliwa na viwavijeshi. Baadhi ya nyasi, hasa zile za jamii ya ndoka zinazotambaa, zikitafunwa na kunyauka hutengeneza sumu ya sayanidi. Ng'ombe mwenye njaa akila nyingi kwa mkupuo huhema kwa shida, huanguka na kufa muda mfupi baadaye. Usiingize kundi lenye njaa mahali hapo kwa siku kadhaa baada ya viwavi kuondoka. Na kama eneo limepuliziwa dawa, muulize aliyepulizia ni siku ngapi mifugo isiingie, umwambie akuandikie.

Ukiokota korongo mwenye pete mguuni au kifaa kidogo mgongoni, usiogope. Watafiti humvalisha ili wajue safari yake. Soma namba, uipeleke ofisi ya kijiji au ya wanyamapori, na kama ndege ni mzima mwachie.

Yangeyange, wale ndege wadogo weupe wanaotembea miguuni mwa ng'ombe, wanafuata wadudu wanaorushwa na kwato. Hawana baya.

NDEGE WALA KUPE

Huyu unamjua: kahawia, mdomo mwekundu au wa njano, anang'ang'ania shingoni mwa ng'ombe kama mtoto mgongoni. Hula kupe, na hula wengi. Lakini tusimsifu kupita kiasi. Chakula anachokipenda ni damu, na kupe aliyeshiba ni mfuko wa damu. Akikosa kupe atadonoa kidonda. Ng'ombe au punda mwenye kidonda cha mzigo au cha mwiba anaweza kuchimbwa mpaka nyama ionekane, na kidonda kisipone wiki nyingi. Punda ndiye anayeumia zaidi kwa sababu hutunzwa kidogo kuliko wote. Paka dawa ya vidonda, funika kwa kitambaa safi inapowezekana, na rekebisha matandiko yanayomchubua. Kumpiga ndege kwa manati hakuponyi kidonda.

Ndege hawa wakizidi kuonekana juu ya ng'ombe wako, maana yake kupe wamezidi. Usisubiri siku ya josho ya mwezi ujao. Kupe wa masikioni ndiye anayeleta ndigana kali, na wakati wa mvua ndipo huwa wengi. Chanja ndama dhidi ya ndigana kali. Kumbuka pia kwamba nyati wana ndigana yao, na ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuipata akilishwa mahali nyati wanapolala. Alama ya sikio si ruhusa ya kuchunga na nyati.

Wakati wa kuchanganya dawa ya kuogesha, fuata kipimo kilichoandikwa. Zamani majosho ya arseniki na baadhi ya dawa kali yaliwaua ndege hawa wengi, wakatoweka kabisa mahali pengine. Dawa za amitrazi huwadhuru kidogo zaidi. Uliza dukani.

TAI WAKISHUKA

Tai huweza kuumaliza mzoga wa nyumbu kwa muda ambao wewe unakunywa chai na kuagana. Kazi hiyo ni faida yako, kwa sababu mzoga uliokwisha hauvuti mbwa koko wala bweha, na hao ndio wanaoleta kichaa cha mbwa bomani. India, Pakistani na Nepali walijifunza kwa uchungu. Tai wao wakubwa walikufa, wa baadhi ya aina zaidi ya 95 kwa kila 100, kwa sababu walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Nchi hizo ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Tai walipopungua, mbwa wa mitaani waliongezeka.

Kwetu, kinachowaua tai zaidi ni sumu. Simba au fisi anaua ng'ombe, mwenye ng'ombe kwa hasira ananyunyiza dawa ya wadudu juu ya mzoga. Hasira tunaielewa, ng'ombe mmoja ni ada ya mtoto. Lakini simba mara nyingi harudi, na wanaokufa ni tai 50 au 100, mbwa wa boma, na wakati mwingine mtu aliyekata nyama asijue. Tai mgongo-mweupe, ambaye zamani alikuwa wa kawaida kuliko wote, tangu mwaka 2015 yuko kwenye orodha ya walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ukiona tai wamekufa wakizunguka mzoga, usiguse chochote, zuia mbwa na watoto, na toa taarifa siku hiyohiyo.

Simba hufuata nyumbu, kwa hiyo mvua ndiyo miezi ya wao kuwa karibu na maboma. Ziba mapengo ya miiba kabla ya giza, hesabu ng'ombe jioni, na asiyerudi atafutwe kabla ya usiku. Mahali ambapo waya wa matundu umefungwa kwenye miti hai ya mikomifora, simba na fisi hushindwa kuingia. Ng'ombe akiuawa, acha alama za nyayo zilivyo, piga picha kama una simu, na toa taarifa mapema ofisi ya kijiji ili utaratibu wa kifuta jasho uanze.

Kimeta ni jambo la kutazama kabla hujafuata tai. Ukikuta nyumbu, swala au ng'ombe wamekufa bila jeraha la meno, wamevimba haraka, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au mkunduni, na mwili haukukakamaa, simama. Usichune, usipasue, usichukue nyama hata kama njaa ipo. Damu ikipata hewa, vimelea vya kimeta hujifunga ganda na kukaa ardhini miaka mingi, vikingoja ng'ombe wa mjukuu wako. Mtu aliyekula au kuchuna mzoga huo na kupata kidonda cheusi kisichouma aende kituo cha afya mara moja, kwani kimeta cha binadamu hutibika.

MENGINE KWA UFUPI

Kwelea kwelea wakitanda mawinguni, wakulima jirani huita ndege ya kunyunyizia dawa mahali wanapolala. Ndege waliokufa hapo wana sumu. Watoto wasiwaokote kuwa kitoweo, na mifugo isilishwe hapo.

Mvua ikizidi kiasi mabwawa yakakaa wiki nyingi na mbu wakawa kama moshi, fikiria homa ya bonde la ufa. Mlipuko wa mwaka 2007 uliua zaidi ya watu 100 Tanzania. Dalili ya kwanza huwa kondoo na mbuzi wengi kutupa mimba kwa pamoja. Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, na chemsha maziwa.

UNAPOTOA TAARIFA

Afisa mifugo wa kata hawezi kuona mbuga yote. Unapompigia simu, taja jina la mahali wenyeji wanavyolijua, siku uliyoona, aina ya mnyama au ndege na idadi kwa makadirio. Kama ni nyumbu, sema rangi ya ndama. Kama ni mzoga, sema kama ulikuwa na jeraha na kama tai walikuwa hai. Kama ni ng'ombe mgonjwa, sema alichungwa wapi miezi 3 iliyopita. Mtu asiye na simu amtume kijana kwa mwenyekiti wa kitongoji, na taarifa ya kimeta au sumu isingoje siku ya mnada.